Kipindi cha Mama Mkwe na Waya wa Pima Moja

Krrr. Kimya. Krrr tena, safari hii ndefu, kama mtu anayekwaruza bati kwa ukucha. Ilikuwa Ijumaa iliyopita, saa tano na ushei usiku, na mama mtoto alikuwa peke yake kitandani na kichanga chake cha miezi mitano, mumewe dereva wa lori yuko safari ya mbali, na sauti inatoka sebuleni. Akashika mchi. Akanyata gizani, akachungulia: si mwizi, si panya, ni king'amuzi, kile chenye kurekodi, kimewasha taa nyekundu, kinanguruma tumbo, na alipokigusa kilikuwa cha moto kama pasi. Akaona hiki kinalipuka, kinalipuka na mtoto wangu amelala, akachomoa waya ukutani kwa nguvu zote, akarudi kulala. Asubuhi ndipo akakumbuka kwamba aliyekiagiza kirekodi saa tano na nusu ni yeye mwenyewe, na kilichokuwa kinarekodiwa ni kipindi cha mama mkwe. Zilikuwa zimeingia dakika nne tu. Tatu kati ya hizo zilikuwa matangazo ya sabuni.

Ndiyo maana Ijumaa hii, saa tano asubuhi, na mtoto mgongoni, alisimama mbele ya kijiwe ambacho siku zote hukipita akiinamisha kichwa. Ni ubao mmoja mrefu juu ya rimu mbili za lori, nje ya duka la kinyozi. Kinyozi mwenyewe wanamwita Wembe, ndiye anayepika kahawa. Wa pili ni Setelaiti, fundi aliyefunga madishi yote ya mtaa na hatembei bila spana mfukoni. Wa tatu ni mzee Tarishi, aliyepeleka barua za mahakama miaka thelathini mpaka alipostaafu, na ambaye bado akikupa hata kiberiti hukukabidhi kama hati.

— Habari za asubuhi, wazee.

— Nzuri, shemeji, — alijibu Wembe. — Mtoto hajambo? Kaa basi, usisimame kama umekuja kutudai.

— Sina nafasi ya kukaa, shemeji. Nina king'amuzi, kile chenye kurekodi, na nina intaneti nyumbani, mume wangu aliiweka kabla hajasafiri, ila hivi vitu viwili havijuani, na mimi nataka vijuane leo, leo hii kabla ya saa kumi, maana mama mkwe anakuja na basi la saa kumi, na kipindi chake kiko kwenye vile vipindi vilivyopita, na nikibonyeza tivii inaandika hakuna mtandao, na usiku wa leo siku saba zinatimia wanakifuta.

Akavuta pumzi. Mtoto mgongoni akapiga chafya.

— Sema tena polepole, binti, — alisema Tarishi. — Mimi naandika kichwani, na wino wangu ni mzito.

Akasema tena. Mama mkwe ni fundi baiskeli, mwanamke peke yake katika soko zima. Watu wa televisheni walimfuata, wakashinda naye siku nzima wakimpiga picha anavyonyoosha rimu na kuziba pancha. Kwake hakuna umeme, hajawahi kujiona. Soko zima limeambiwa anakwenda kwa mkwewe kujitazama, mpaka kitenge kipya kimeshonwa.

— Na mimi nimemwambia kwa simu kimeingia chote, — alisema mama mtoto, sauti imeshuka. — Nimemwambia kimetoka vizuri sana.

— Kwani kwa nini hakikuingia? — aliuliza Setelaiti.

— Umeme ulikatika.

Wembe akaweka kikombe chini.

— Ijumaa? Ijumaa umeme haukukatika. Nilinyoa mpaka saa sita, mashine haikuzima hata mara moja.

— Kwangu ulikatika.

— Duka langu na nyumba yako tuko nguzo moja, shemeji.

— Basi nilichomoa, — alisema, na maneno yakamtoka kama mchele kwenye gunia lililotoboka. — Nilichomoa, kilikuwa kinanguruma, nilidhani kitatulipua, niko peke yangu, nilisahau kama ni mimi niliyekiagiza, na mama mkwe akijua atasema mwanangu ameoa mtu gani huyu, kazi moja tu nimempa, kazi moja.

Wanaume watatu wakatazama vikombe vyao. Setelaiti akageukia ukuta ili acheke kwa heshima.

— Hata kwenye simu hakipo? — aliuliza Wembe.

— Simu yangu ya vitufe. Na wenyewe wanasema wanakionyesha kwenye king'amuzi tu, kwa waliolipia, na mume wangu alilipia.

— Basi jambo dogo, — Setelaiti alisema, amejirekebisha uso. — Dishi lako linatazama mpira. Mimi ndiye niliyelielekeza, najua. Intaneti iko kushoto kidogo. Nikipanda juu ya paa nikalisukuma kama kidole kimoja, inaingia yenyewe.

— Intaneti inakaa angani? — Wembe aliuliza.

— Ulitaka ikae wapi, kabatini kwako?

— Intaneti ni kama maji ya bomba. Saa hizi mtaa mzima unachota. Wa bondeni wanapata picha, wa juu kama shemeji wanaambulia sauti. Asubiri wenzake wafunge, saa nane usiku hivi, atapata picha mpaka atamwaga.

— Usiku kitakuwa kimefutwa, shemeji.

— Hapo ndipo penye ugumu.

— Na hata akikipata, — Setelaiti aliongeza, — kipindi cha siku saba si kipindi tena. Picha inaliwa kingo. Siku ya kwanza unamwona mtu mzima, siku ya saba unamwona kuanzia kiunoni.

— Juu au chini?

— Inategemea stesheni.

Mama mtoto akahisi machozi yanakuja na hakujua kama ni ya kulia au ya kucheka. Fundi baiskeli kuanzia kiunoni kwenda chini, na baiskeli iko wapi.

Tarishi alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua, wenzake walinyamaza, kwa kuwa alikuwa na desturi ya kukohoa kwanza.

— Nyote mnazunguka. Kifaa kilinyang'anywa umeme kikiwa kazini. Mimi nimebeba majalada tangu hamjaota ndevu, nakijua kitu kinachoandika. Binti, kina taa nyekundu?

— Kinayo, babu.

— Sasa hivi pia?

— Hata sasa hivi.

— Basi. Kimekufungulia jalada. Hakitakupa kipindi chochote cha nyuma mpaka uombe radhi, na si kwa mdomo, kwa maandishi.

— Niandikie wapi, babu?

— Rimoti ina herufi kwenye namba. Zimewekwa kwa kazi gani?

Hata Setelaiti alionekana kuifikiria hoja ile.

— Wazee, — mama mtoto alisema, — mtanisaidia au hamnisaidii?

— Tutakusaidia, — Wembe alimhakikishia. — Birika likiisha.

Hiyo ndiyo sheria ya kijiwe kile, na mtaa wote unaijua. Jambo likiletwa pale linajadiliwa mpaka kahawa iishe, na hakuna anayenyanyuka kwenda kugusa kitu kabla ya hapo, hata kama ni nyumba inavuja. Birika la Wembe linaingiza vikombe ishirini na tano, vile vidogo vya kushika kwa vidole viwili, na lilikuwa limeepuliwa sasa hivi. Wamekunywa vitatu.

Mama mtoto akalitazama birika. Akatazama jua. Na yeye ambaye hajawahi hata kukaa kwenye ubao ule, akanyoosha mkono akalishika kwa upindo wa khanga. Akajaza vikombe vitatu. Akajaza visahani. Akajaza kopo la maji la Setelaiti, akajaza kikombe cha kunyolea cha Wembe kilichokuwa dirishani na povu lake, akajaza kifuniko cha chupa ya chai. Iliyobaki akaimimina kwenye kikombe cha akiba, akainywa mwenyewe kwa mkupuo mmoja, amesimama, kahawa chungu, haina chembe ya sukari, machozi yakamtoka, akapindua birika mbele yao. Likatoa tone moja.

— Limekwisha, — alisema.

Tarishi akalichungulia ndani, kwa uangalifu wa mtu anayethibitisha sahihi.

— Limekwisha kweli, — alisema. — Twendeni.

Walivua viatu mlangoni kwake, wakasimama sebuleni mbele ya tivii kama waliofika msibani. Setelaiti akageuza king'amuzi, akapitisha kidole nyuma yake.

— Hiki hakishiki mtandao hewani. Kinataka waya. Tundu lake hili hapa. Ruta iko wapi?

— Chumbani.

— Chumbani kwa nani?

— Chumbani kwetu. Waya wa intaneti umeingilia ukuta ule, umepigwa misumari, haung'oki. Ruta iko juu ya kabati la nguo.

Watatu wakalitazama pazia la mlango wa chumbani. Ni pazia la kawaida, la maua, ila hakuna hata mmoja aliyelikaribia. Chumbani kwa mke wa mtu, na mwenyewe yuko safarini. Wembe, mwenye ulimi wa kumnyoa mtu na kumsengenya kwa wakati mmoja, alipiga hatua moja nyuma.

— Humo mimi siingii, — alisema.

— Nani kakuambia uingie? — Tarishi alisema, naye amerudi nyuma mbili.

Mama mtoto akaingia peke yake, akatoka na waya wa njano uliokuja na ruta ndani ya boksi, akiuvuta. Ulikuwa na urefu wa pima moja, mikono miwili iliyonyooshwa. Ulifika kwenye kizingiti, ukakaza, ukakataa. Kutoka kizingiti mpaka king'amuzi zilibaki hatua tano.

— Tutoboe ukuta, — alisema Setelaiti.

— Waya ni mfupi, si ukuta mnene, — alisema Wembe. — Tununue mwingine. Mjini upo, basi ni saa moja kwenda na saa moja kurudi.

— Tuunge na waya wa pasi.

— Tumwandikie mwenye nyumba, — alisema Tarishi.

Mama mtoto alikuwa amekaa kizingitini, ncha ya waya mkononi, mtoto ameanza kumvuta nywele. Saa ya ukutani inasema saa saba na nusu. Aliutazama waya, akaitazama tivii, akautazama waya.

— Kwani si king'amuzi kije huku? — aliuliza.

Wote watatu wakageuka kukitazama king'amuzi.

— Haiwezekani, shemeji, — Setelaiti alisema mwishowe, kwa upole wa daktari. — Waya wa dishi hautafika chumbani.

— Kipindi kinakuja kwa intaneti. Dishi la kazi gani?

Setelaiti akauinua waya wa dishi, akauachia. Akautazama uso wa Wembe, Wembe akawa anaangalia kalenda. Tarishi akakohoa, ila baada ya kukohoa hakikufuata kitu.

King'amuzi alikibeba mwenyewe. Mtoto alimkabidhi Tarishi, aliyempokea kwa mikono miwili. Tivii ilikuwa nzito, Wembe akaibeba mpaka kwenye pazia, akafumba macho, akaipenyeza mikono yake tu ndani, akabaki hivyo mpaka alipoambiwa basi, ipo juu ya kiti. Kisha watatu wale, na mtoto, wakatoka nje pekupeku, wakazunguka nyumba, wakajipanga chini ya dirisha la chumbani, mgongo umeelekea ukutani ili mtu asidhani wanachungulia.

— Umewasha? — sauti ya Setelaiti ilipita kwenye wavu.

— Nimewasha.

— Bonyeza menyu.

— Asibonyeze menyu, — alisema Wembe. — Asubiri taa itulie.

— Aombe radhi kwanza.

— Imefunguka, — alisema mama mtoto. — Inasema Mipangilio. Inasema Mtandao. Inauliza waya au bila waya.

— Bila waya, — Wembe alisema.

— Ana waya mkononi, wewe.

— Ndiyo, lakini ukichagua cha waya wanatoza zaidi.

Alichagua Waya. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka, kikazunguka, kikasimama, na maandishi yakatokea: Hakuna mtandao. Yale yale ya wiki nzima. Akakaa kitandani. Nje walikuwa wamesikia kimya chake na wakaanza wote kwa pamoja, geuza waya, piga ubavuni, si piga, papasa, zungusha nyuzi tisini, sema namba ya kwanza ya simu yako, na mtoto naye akaanza kulia mikononi mwa Tarishi, na katikati ya makelele yale yeye akaona kwamba hakuna anayejua. Hakuna hata mmoja. Walikuwa wanaogopa kama yeye, ila wao huogopa kwa sauti kubwa.

Akainuka akafunga dirisha.

Palipotulia akasoma. Alikuwa hajasoma yote. Chini ya maandishi makubwa yalikuwepo madogo, na yeye alifika kidato cha nne, na hata mitihani ilikuwa na maelezo madogo chini. Yalisema: hakikisha waya umeingia mpaka usikie mlio. Yalisema: kisha zima kifaa kwenye umeme, hesabu mpaka thelathini, uwashe tena. Akausukuma waya. Tak. Kumbe ulikuwa umekaa tu mdomoni mwa tundu.

Kisha akaitazama plagi. Mara ya mwisho alipoichomoa alijiharibia wiki nzima. Akachomoa. Akahesabu kwa sauti, mpaka thelathini, na akaongeza tano za tahadhari. Akachomeka.

King'amuzi kikanguruma. Aliweka kiganja juu yake mpaka kikamaliza.

Kiduara kikazunguka mara mbili tu. Imeunganishwa. Vipindi vilivyopita. Ijumaa. Akashuka na rimoti, taarifa ya habari, mpira, mapishi, na hapo, chini kabisa, picha ndogo ya mwanamke aliyepiga magoti mbele ya gurudumu.

Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni akashika kichwa kwa mikono miwili, akacheka bila sauti mpaka mabega yakamuuma.

Nje, wakati huo huo, mambo yalikuwa yameharibika. Basi la saa kumi lilikuwa limefika saa tisa, kitu ambacho basi lile halikuwahi kumfanyia mtu. Mama mkwe alipiga hodi, hakujibiwa, akaingia sebuleni, hakuona tivii wala king'amuzi, akaona pea tatu za viatu vya kiume mlangoni. Akaweka kikapu chini. Akazunguka nyumba, kitenge kipya kinameremeta, na akawakuta.

— Nyinyi wazee watatu, — alisema, — mnatafuta nini dirishani kwa mke wa mwanangu?

Tarishi, ambaye amesimama mbele ya mahakimu maisha yake yote, alifungua mdomo kama samaki. Setelaiti alitoa spana mfukoni, akaitazama, akairudisha. Wembe akasema: — Intaneti, — kisha akaona lisivyosaidia, akanyamaza.

— Na huyo mtoto, nani kakubebesha? — alimuuliza Tarishi.

Dirisha likafunguka.

— Mama, — alisema mama mtoto. — Mama, karibu, pita ndani, njoo chumbani, njoo ujione.

Mama mkwe alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu pamoja, mkoba mapajani. Mama mtoto akavuta pazia la dirisha pembeni, vichwa vitatu na kimoja kidogo vikapangana nje ya wavu, maana sasa mwenye heshima zake yupo ndani na wangeweza kutazama. Akabonyeza.

Kwenye tivii alikuwa mzima, kuanzia kilemba mpaka kandambili. Nusu saa nzima mama mkwe hakusema neno. Alijiona akigonga rimu kwa nyundo, akisikiliza, akigonga tena. Alijiona akicheka na mteja. Mara moja tu alinyoosha kidole.

— Ile spoku nilikuwa sijaikaza, — alisema. — Wamenikatisha.

Kilipokwisha akaomba kirudiwe. Kikarudiwa. Na katikati ya kurudiwa, mama mtoto akashindwa kukaa na uongo wake.

— Mama, nilikudanganya. Sikukirekodi. Kilianza kunguruma usiku nikaogopa nikachomoa, zikaingia dakika nne, na hiki nimekitoa kwenye intaneti leo, sasa hivi, nimeunganisha kabla hujafika.

Mama mkwe hakugeuka. Macho yalikuwa kwenye gurudumu.

— Ameunganisha nani?

— Mimi.

— Na hao wa dirishani?

Mama mtoto akatafuta neno la adabu, akakosa.

— Walimshika mtoto.

Mama mkwe akacheka, kwanza kidogo, kisha kicheko cha sokoni, cha kusikika mpaka banda la tatu, akamkamata mkono, akaugeuza, akakagua kiganja na vidole vilivyojaa vumbi la nyuma ya kabati kama anavyokagua mikono ya mtu aliyekuja kuomba kazi.

— Nirudishie pale ninapopiga nyundo, fundi, — alisema.

Jioni, alipotoka kumpokea mtoto, watatu walikuwa bado chini ya dirisha, viatu wamekwisha kuvaa. Setelaiti alimsogelea akaongea chini chini.

— Shemeji, kesho watu watauliza pale kijiweni nani kaunganisha. Mimi ndiye fundi wa mtaa. Nina madishi arobaini.

— Na mimi nilibeba tivii, — Wembe alisema.

— Aulizwe kwanza nani anajua mpaka sasa, — alisema Tarishi.

— Mama mkwe anajua.

— Yeye yuko nje ya mamlaka yetu. Mwingine?

— Hakuna.

Walimtazama wote watatu, na ndipo alipoona kwamba kwa mara ya kwanza tangu ahamie mtaa ule kuna watu wanaomwogopa yeye. Akampandisha mtoto begani, akawangojesha kidogo, makusudi.

— Haya, — alisema. — Ajue mama mkwe tu, basi. Sitamwambia mtu mwingine.